Kulia Mara Tatu, Chini Mara Tatu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Opereta kwa wakubwa na wadogo, na hata mama mkwe wake, ambaye heshima ya ukwe ilimkataza utani, akija kuwatembelea aliuliza mlangoni, "Opereta amekula?" Jina hilo alilipata kwa jasho. Miaka ishirini na mbili alikaa mbele ya swichibodi ya hospitali kubwa, ndani ya kijichumba kisicho na dirisha karibu na ngazi, na kila aliyepiga simu kumtafuta mgonjwa, daktari au ndugu aliyepotea alipita masikioni mwake kwanza.

Dirisha halikumhusu. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne, na rangi pekee aliyoikumbuka ni wekundu wa blanketi alilofunikwa nalo siku zile. Lakini namba za ndani za hospitali, mia tatu na arobaini, alikuwa nazo zote kichwani. Daktari wa mifupa akiinua simu, kabla hajasema neno, Opereta alishamjua kwa jinsi anavyovuta pumzi. Na mtu akipiga huku analia, alijua amuunganishe wapi bila kumuuliza maswali.

Kisha hospitali ikaleta mtambo unaojibu wenyewe: bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza tatu. Opereta akaagwa kwa chai na hotuba, akapewa cheti na saa kubwa ya ukutani. "Wamempa kipofu saa ya kutazama," alikuwa akiwaambia watu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Alicheka, ila nyumbani hakukuwa na mengi ya kufanya. Mkewe alikuwa mfumaji. Alikuwa na mashine ya kufumia iliyokaa mezani kando ya mlango, na alifuma sweta za wanafunzi wa shule tatu. Opereta akawa anamkunjia nyuzi. Miaka mitatu mizima alikunja nyuzi, madonge kwa madonge, akisikiliza kigari cha mashine kikienda na kurudi, kwaa, kwaa, kwaa, na mkewe akihesabu mistari kwa sauti ya chini. Haikuwa kazi ya aibu. Lakini mtu aliyezoea kuunganisha daktari na mgonjwa anayekata roho, ukimpa donge la uzi, mikono inashughulika na kichwa kinabaki kimekaa bure.

Siku moja akapigiwa na rafiki yake wa chama cha wasioona, mzee waliyemwita Kamusi kwa sababu hakosi neno.

"Opereta, mahakama inatafuta watu wa kuandika," Kamusi alisema. "Mashauri yanarekodiwa, halafu kila kilichosemwa kinatakiwa kiandikwe neno kwa neno. Nimewauliza kama asiyeona anaruhusiwa. Karani mkuu, mama mmoja hivi, amenijibu kwamba kazi ni ya masikio na vidole, macho hayajatajwa kwenye tangazo."

Opereta akaliweka donge chini.

"Jaribio likoje?"

"Jumatatu unachukua rekodi ya saa moja. Ijumaa saa sita mchana unarudisha maandishi. Ukichelewa, umejitoa mwenyewe."

Kuandika kwa chapa hakukumtisha. Shule ya wasioona ilimfundisha vidole kumi kwenye taipureta za chuma, na kompyuta inayosoma kwa sauti alikuwa amejifunza pale chamani. Tatizo ni kwamba kompyuta ya chama ilikuwa moja na wanachama kumi na wanne, kila mmoja na saa yake moja kwa juma. Kwa mwendo huo rekodi ingemalizika mwakani.

Hapo shemeji yake akaingia. Kaka wa mkewe alikuwa mlinzi kwenye ofisi iliyokuwa ikigawa laptopu zake za zamani, na Jumamosi alikuja na moja kwapani. "Ni nzito kama tofali, shemeji, ila ni nzima," alisema. "Diski wameitoa kwa ajili ya siri zao. Na betri haikai hata dakika, itumieni ikiwa kwenye umeme." Kamusi naye akaleta flashi. Ndani yake kulikuwa na mfumo mzima unaoweza kuiwasha kompyuta isiyo na diski, na kuanza kusema papo hapo, tena kwa Kiswahili. Nafasi ya kuhifadhia maandishi ilikuwa humo humo.

"Chomeka, washa, subiri," alisema Kamusi. "Itakusalimia."

Opereta akachomeka, akawasha, akasubiri. Feni ilivuma. Mkewe akasema kuna maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, yanajirudiarudia. Wakasubiri mpaka chai ikapoa. Haikuwasalimia.

Jumatatu asubuhi walikwenda mahakamani kuchukua rekodi, na kutoka hapo wakapitia kwa fundi. Duka la fundi lilikuwa na kaunta ya kioo, na Opereta alijua ni kioo kwa namna sarafu za mteja aliyetangulia zilivyolia juu yake. Fundi alikuwa na sauti changa na haraka nyingi. Akaifungua laptopu, akabonyeza mara kadhaa.

"Mama, tatizo dogo hili," akasema. "Inapoamka inatafuta mtandao kwanza, haiupati, inatafuta tena. Flashi imewekwa mwisho wa foleni. Naipandisha iwe ya kwanza. Mwambie mzee asubiri kidogo."

"Mzee yupo hapa," alisema Opereta. "Anasikia."

Vidole vya fundi vikaendelea. Mara spika ikakohoa, na sauti ya kiume yenye lafudhi ya mgeni ikasema: "Karibu. Mfumo uko tayari." Opereta akasogezewa kibodi, akabonyeza vitufe alivyofundishwa chamani vya kuuliza saa. Sauti ikajibu kwamba ni saa sita na dakika tatu usiku, tarehe mosi Januari, na ikataja mwaka uliopita zamani, mwaka ambao shemeji yake alikuwa bado hajaoa.

"Imelala sana hiyo," fundi akacheka, akachomoa waya, akawafungia mfukoni.

Walipofika nyumbani wakaiwasha. Feni ikavuma. Maandishi meupe yakaanza kujirudia kwenye skrini nyeusi, na sauti haikutoka.

Jumanne wakarudi. Fundi akaingia tena kwenye mipangilio, akakuta flashi imerudi mwisho wa foleni. Akapumua kwa pua.

"Mama, kuna mtu amebonyezabonyeza humu," alisema. "Mipangilio haijibadilishi yenyewe. Mwambie mzee asiguseguse vitufe vya juu."

"Sijagusa," alisema Opereta.

"Haya," alisema fundi, kwa ile sauti mtu anayotumia kumridhisha mtoto. Akairekebisha, mashine ikasema karibu, akaizima, akachomoa waya. Nyumbani ikawa bubu kama jana.

Mchana ule Opereta hakula. Siku mbili zilikuwa zimekwenda na hajaandika hata herufi. Mkewe alikaa kwenye mashine yake ya kufumia, akafuma mistari kama kumi, akasimama.

"Baba," alisema kwa upole, "labda kidole kiliteleza bila wewe kujua?"

Maneno ya fundi yalikuwa yamempita, lakini haya yalizama. Miaka thelathini ya ndoa, mwanamke huyu hakuwahi kumshikia kijiko wala kumsomea uso wa mtu bila kuombwa. Akageuka asionekane usoni, akaenda kukaa kitandani na laptopu juu ya mapaja, mikono imeuzunguka mfuniko wake kama mtu aliyeshika sahani ya moto.

Hasira ilipopungua akaanza kufikiri, na alifikiri kama alivyokuwa akifikiri zamani laini inapokatika: usimlaumu anayepiga, fuata waya. Dukani inafanya kazi. Nyumbani haifanyi. Kati ya duka na nyumbani kuna nini? Kuna njia ya dakika ishirini, na katika njia hiyo mashine haiko kwenye umeme. Betri yake haikai hata dakika. Kwa hiyo kwa dakika ishirini imekufa kabisa.

Na ile tarehe. Alikumbuka swichibodi ya kwanza aliyofanyia kazi. Umeme ukikatika na kurudi, saa yake ilianza upya kuhesabu toka sifuri, na namba za mkato alizokuwa amezihifadhi zilifutika zote, akawa anaziingiza upya moja moja. Fundi wa simu wa wakati ule alimwambia ndani mna kibetri kidogo cha kuitunzia kumbukumbu, na kimekufa.

"Mama," aliita kutoka chumbani.

Kigari cha kufumia kikanyamaza.

"Mashine hii ni msahaulifu. Haijui hata mwaka. Kila ikichomolewa inasahau saa, na inasahau pia alichoiambia fundi. Hakuna aliyegusagusa."

Mkewe akaja akasimama mlangoni. Alilipima jambo lile.

"Basi nimekukosea," akasema.

"Umenikosea kidogo. Fundi amenikosea zaidi. Kesho tunaiambia wenyewe."

"Mimi Kiingereza sijui, baba. Na darasani niliishia la nne."

"Herufi unazijua?"

"Herufi nazijua."

"Zinatosha."

Jumatano, mara tu mwanga ulipotosha chumbani, waliketi mezani. Mashine ya kufumia walikuwa wameisogeza pembeni. Shuleni hata hospitalini Opereta alikuwa amekutana na Kiingereza kingi kwa masikio, kwa hiyo mpango ulikuwa hivi: mkewe ataje herufi, yeye aziunganishe. Dukani alikuwa amesikia fundi akigonga kitufe kimoja haraka haraka mara tu feni inapoanza, tena kutoka upande wa kushoto juu kabisa. Kamusi, kwa simu, akamthibitishia: ni F2, na ugonge kabla mashine haijapata akili.

Mara ya kwanza alichelewa. Mara ya pili pia. Mara ya tatu aliweka sikio karibu na kibodi, akasikia ile pumzi ndogo inayotangulia feni, akaanza kugonga.

"Imebadilika," alisema mkewe. "Imekuwa ya buluu. Juu kuna maneno matano yamejipanga."

"Nisomee."

"M, A, I, N. Hilo limewekewa kibao cheupe."

"Hapo ndipo tulipo. Endelea."

Akamsomea yote, akiburuta kidole kwenye skrini. La nne lilikuwa B, O, O, T, na Opereta akapiga meza kwa kiganja. "Hilo. Hilo ndilo la kuamka." Akabonyeza mshale wa kulia, mkewe akifuata kibao cheupe kwa macho. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Hapo.

Chini yake kulikuwa na orodha. Ya kwanza ilikuwa mtandao, ya pili diski, ambayo ilibaki jina tu kwa kuwa yenyewe ilishatolewa, ya tatu kisahani cha CD, na basi.

"Flashi haipo," alisema mkewe.

"Haiwezi kukosekana."

"Yapo matatu tu, baba. Nimehesabu mara mbili."

Opereta akajishika kiuno. Alijaribu kukumbuka kila mlio wa dukani. Mkewe ndiye aliyeangalia ubavuni mwa laptopu, kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini ambacho mumewe hakuwa amekisikia tangu Jumamosi.

"Flashi iko kwenye mfuko wa shati lako."

Wakazima, wakachomeka, wakaanza upya. Safari hii orodha ilikuwa na vitu vinne, na flashi mkiani. Maelezo yalikuwa pembeni, kwa herufi ndogo. Mkewe akayasoma kwa herufi, taratibu, na Opereta akayashona: F6 inapandisha, F10 inahifadhi na kutoka.

"Kulia mara tatu," alisema mkewe, kwa sauti ileile aliyohesabia mistari ya sweta. "Chini mara tatu. Pandisha mara tatu. Hifadhi. Enta. Hata kufuma shingo ya sweta kuna hesabu ngumu kuliko hii."

"Rudia, mama."

Akarudia. Opereta akafuata kwa vidole. Skrini ikazima, feni ikatulia, ikaanza tena. Wote wawili walishika ukingo wa meza bila kujua.

"Karibu. Mfumo uko tayari."

Alinyoosha mkono akautafuta mkono wa mkewe, akaukuta unamtafuta wake.

Kabla ya kuandika neno lolote alimwomba mkewe adondoshe tone la gundi juu ya F2, F6 na F10, likauke, ili vidole visipotee. Kisha akaanza kazi. Rekodi, iliyokuwa kwenye flashi nyingine waliyopewa mahakamani, aliiweka kwenye redio ndogo ya kuchomeka flashi, sikio la kulia. Laptopu ikawa inamsomea anachoandika katika sikio la kushoto. Lilikuwa shauri la mipaka ya kiwanja. Hakimu alikuwa na kikohozi, wakili mmoja alimeza mwisho wa maneno, na kulikuwa na shahidi mzee wa kike aliyeongea kama anayemnong'oneza mtoto aliyelala. Opereta alimpenda shahidi huyo mara moja. Watu wa sauti ile walikuwa wakimpigia simu kila siku hospitalini, na wengine wote walikuwa wakiwakatia.

Kufikia jioni alikuwa amemaliza theluthi. Alihifadhi kila aya, tabia ya mtu aliyewahi kupoteza namba zote za mkato kwa kukatika umeme.

Alhamisi mkewe alitakiwa kupeleka sweta kwenye shule ya mbali, safari ya kutwa nzima. Akasimama mlangoni na furushi lake.

"Naweza kuahirisha," alisema.

"Nenda. Imeshawaka, haina sababu ya kulala."

Saa nne asubuhi umeme ukakatika. Sauti ya sikio la kushoto ilikatwa katikati ya neno "mashariki," feni ikafa, na friji ya jirani ikaguna na kunyamaza. Opereta alikaa na vidole juu ya kibodi iliyokufa. Redio ilikuwa na betri zake, basi hakukaa bure: aliendelea kusikiliza, akirudisha nyuma na kusonga mbele, akiyapanga maneno ya shahidi kichwani sentensi baada ya sentensi, kama alivyokuwa akipanga namba. Saa nane friji ya jirani ikaguna tena. Umeme ulikuwa umerudi.

Na mashine, bila shaka, ilikuwa imesahau kila kitu.

Hakukuwa na mtu nyumbani. Angeweza kumwita jirani, lakini jirani hakujua hata laptopu inafungukia upande gani. Chamani ni mbali. Kwa fundi asingekwenda hata kwa kuburutwa. Akajifuta viganja kwenye suruali, akapapasa ubavuni kuhakikisha flashi ipo, akaweka kidole kwenye tone la gundi la F2, akawasha kwa mkono mwingine.

Katika kurasa zile za buluu mashine haisemi. Sauti yake huzaliwa baada ya mfumo kuamka. Kabla ya hapo asiyeona ni kama mtu aliye kwenye simu na mwenzake aliyeziba kinywa: unaongea wewe tu, na huna dalili kwamba umesikika.

Aligonga F2, akahesabu, akamaliza na enta. Akasubiri. Akahesabu mpaka mia mbili. Kimya. Alikuwa amechelewa, au amegonga mapema, au kidole kilirukia safu ya pili. Hakujua, wala hakukuwa na namna ya kujua. Akazima kwa kushikilia kitufe, akangoja feni isimame kabisa.

Mara ya pili aliinamisha kichwa mpaka shavu likagusa plastiki. Pumzi ndogo. F2, F2, F2, F2. Aliipa muda ukurasa ufunguke, kiasi cha kuvuta pumzi mbili. Kisha akahesabu kwa sauti, chumba kitupu, kama vile mkewe yuko pale: "Kulia moja. Kulia mbili. Kulia tatu. Chini moja. Chini mbili. Chini tatu." Kidole kikatembea hadi tone la pili. "Panda. Panda. Panda." Tone la tatu. Enta.

Feni ikazima. Ikawaka.

Alihesabu. Alipofika sabini na mbili, spika ikakohoa.

"Karibu. Mfumo uko tayari."

Opereta alisimama. Alisimama pale chumbani, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, akanyoosha mikono juu mpaka vidole vikagusa dari ya bati, na akacheka kwa sauti hadi jirani akauliza ukutani kama kuna heri. "Kuna heri," alijibu. "Kubwa." Kisha akaketi, akafungua maandishi yake, akayakuta yote ila aya yenye lile "mashariki," akaanza kuandika aliyokuwa ameyabeba kichwani tangu asubuhi. Vidole havikusimama. Mkewe aliporudi jua likielekea kuzama, alimkuta anasahihisha ukurasa wa mwisho, na alipoelezwa umeme ulivyokatika aliliacha furushi la mifuko mitupu lianguke tu.

"Nani alikusomea?" aliuliza.

"Hakuna."

Mkewe akavuta kiti, akaketi karibu naye. "Zima, chomoa na waya," alisema. "Uiwashe tena. Nataka kuona."

Akazima, akachomoa waya, akaurudisha, akaiwasha, na mkewe akatazama kibao cheupe kikitembea kwenye skrini ya buluu bila kuambiwa na mtu, kulia, chini, juu, mpaka sauti ilipowakaribisha.

Ijumaa, saa tano na nusu, walikabidhi maandishi mahakamani. Jumatano iliyofuata simu iliita, na Opereta aliipokea kwa namna ya zamani, akitaja kwanza anayeongea.

"Mimi ni karani mkuu," ilisema sauti ya kike, nzito na isiyo na haraka. "Nina swali. Yule shahidi mzee, wa dakika ya thelathini na kitu. Wenzako wote kumi na mmoja wameandika 'haisikiki' mfululizo. Wewe umeandika ukurasa mzima."

"Alikuwa anasikika, mama. Anaongea chini kidogo."

"Nimemrudia kwa spika kubwa, nikafuata ulichoandika. Ni neno kwa neno." Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Kwingine mara mbili umeandika 'haisikiki.' Kwa nini?"

"Hapo hakimu alikohoa. Kikohozi kile hakuna anayeweza kukipenya."

Kutoka upande wa pili Opereta alisikia kitu ambacho miaka ishirini na mbili ya simu ilimfundisha kukitambua: mtu mkubwa wa ofisi anayezuia kicheko.

"Jumatatu uje uchukue rekodi tatu," alisema karani mkuu. "Tutaanza na hizo."

Siku hiyo hiyo Opereta alikwenda kwa fundi. Mkewe alimwongoza mpaka kwenye kaunta ya kioo, akarudi nyuma hatua moja kwa makusudi. Opereta akaiweka laptopu juu ya kioo.

"Humu ndani kuna kibetri kidogo cha kutunza saa," alisema. "Kimekufa. Ndiyo maana ukiirekebisha hapa, ikifika kwangu imesahau. Naomba uniwekee kipya."

Fundi akaifungua bila kujibu. Bisibisi ikazunguka, vifuniko vikaachia, kipimo cha umeme kikalia.

"Ni kweli," alisema hatimaye. Na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuelekea kwa mwanamke. Ilikuja moja kwa moja mbele. "Kimekufa kabisa. Baba, nilipaswa kukipima siku ile ya kwanza. Na maneno niliyosema, nisamehe."

"Yamekwisha."

"Lakini hizi siku zote umefanyaje kazi?"

"Naiambia kila asubuhi. Sasa nimechoka kuiambia."

Fundi akaweka kibetri kipya, akageukia kazi nyingine iliyokuwa pembeni, bisibisi ikazunguka tena, na Opereta akamsikia akisogeza kitu kizito juu ya kaunta.

"Basi nina jambo," alisema fundi. "Ninayo nyingine ya aina hii hii. Kibetri nimekibadilisha sasa hivi, baada ya kuona chako, lakini mipangilio yake ilishafutika, inatafuta mtandao tu. Na skrini yake imekufa. Nikiunganisha skrini ya nje, haionyeshi kitu mpaka mfumo uamke. Na hauwezi kuamka kabla sijaibadilisha. Mwenyewe ni mwalimu, yuko hapa tangu asubuhi, anahitaji mitihani yake."

"Kweli niko hapa," alisema mwanamume mmoja kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa.

"Flashi umechomeka?" aliuliza Opereta.

"Imechomekwa, yangu ya kuiamshia."

"Nipe nafasi."

Wakampisha. Mtu mmoja akazima redio. Opereta akaipapasa kibodi, ikawa ni ileile, vitufe palepale, ila haikuwa na matone ya gundi. Akahesabu kutoka pembeni mpaka kwenye F2. Akainamisha shavu. Akawasha.

Hakuhesabu kwa sauti safari hii. Vidole vilikwenda kama vilivyokuwa vikienda kwenye swichibodi saa ya msongamano, bila papara na bila kusita. Alipobonyeza enta ya mwisho aliinua mikono, akarudi nyuma.

Yeye hakuiona skrini ya nje ikiwaka. Alijua kwa mwalimu, aliyesimama ghafla hata benchi likaburuza sakafu, na kwa mkewe, aliyemshika kiwiko na kukibana.

"Imeamka," alisema fundi. Alivuta droo, karatasi ikachanika kutoka kwenye daftari. "Baba, kwa hisani yako. Nitajie polepole, niandike."

Opereta akamtajia.